Maumivu Yametoweka, Lakini Jiwe Sijaliona Likitoka

BARUA

Shikamoo mshauri,

Ninaandika barua hii baada ya kuizungusha kichwani kwa siku nyingi, kwa sababu jambo lenyewe ni la mwili lakini limeingia mpaka katika mambo ya nyumba, na sioni mtu wa karibu ninayeweza kumweleza bila maneno kufika pasipotakiwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya binafsi mkoani Tanga, nina umri wa miaka 38, nimeolewa na tumejaliwa watoto watatu.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nimekuwa nikipata maumivu ya ubavu wa kushoto yanayokuja na kuondoka. Mara ya kwanza niliambiwa kwenye duka la dawa kwamba ni U.T.I., nikapewa vidonge. Mara ya pili nikaambiwa hivyo hivyo. Mara ya tatu jirani mmoja alisema hilo ni chango, nikachemshiwa mizizi. Kila mara maumivu yalipungua, kwa hiyo kila dawa niliiamini.

Wiki tano zilizopita, usiku wa manane, maumivu yalinishika mgongoni chini ya mbavu, yakashuka hadi kinenani, nikatapika, nikawa siwezi kukaa wala kulala. Nilizunguka uani mpaka alfajiri nikiwa nimejikunja. Nimezaa mara tatu kwa njia ya kawaida, na nasema kweli kwamba sikuwahi kuonja maumivu ya namna ile. Hospitalini nilichomwa sindano, mkojo ukapimwa ukakutwa na damu, kisha nikafanyiwa utrasaundi. Daktari aliniambia kuna jiwe la milimita 8 kwenye mrija wa kushoto, karibu na unapoanzia kwenye figo, na kwamba figo yenyewe imejaa maji kidogo. Alinipa dawa za maumivu na barua ya rufaa kwa mtaalamu, akanitaka nirudi baada ya wiki mbili kupimwa tena, akasema kuwa huenda jiwe likahitaji kuondolewa.

Sikurudi. Mavyaa wangu, ambaye tunaishi naye na ambaye amenilea kama binti yake tangu nilipoingia nyumba hii, alisema jiwe huyeyushwa kwa kitu kikali. Uani tuna mbirimbi mkubwa unaozaa mwaka mzima. Akawa ananikamulia birimbi, glasi moja nzima kila asubuhi kabla sijala kitu. Baada ya siku tisa maumivu yakakoma kabisa. Mavyaa alifurahi mno, akasema jiwe limeyeyuka, akawasimulia majirani, na sasa ameongeza iwe glasi mbili ili kusafisha mabaki kabla ya Ramadhani kuingia. Vilevile amenikataza maziwa, mtindi na dagaa, kwa sababu alisikia kwamba chokaa ya vyakula hivyo ndiyo inayoganda kuwa mawe. Jirani mwingine anasema kosa langu ni kupika wali bila kuuchagua mchele vizuri.

Mume wangu ni mtu mwema, lakini katika mambo ya mama yake hana kauli. Nilipotaja rufaa alisema, "Mama kashamaliza kazi, tumshukuru." Tuna akiba ya kikoba, kama milioni moja na laki mbili, na tulikubaliana kwamba ni ya binti yetu mkubwa anayesubiri kuanza chuo cha uuguzi. Bima sina, shule yetu bado inaahidi tu. Nikichukua fedha zile kwa ajili ya maradhi ambayo hayaniumi tena, nitaonekana nimemdharau mama na nimemnyang'anya mwanangu.

Na nikiri jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Maneno ya mavyaa yalinipa ahueni kubwa, kwa sababu naogopa kisu. Mjomba wangu aliingia chumba cha upasuaji kwa ajili ya ngiri na hakutoka akiwa hai. Daktari aliposema "kuondolewa", mimi nilisikia kupasuliwa.

Lakini usiku nikilala najiuliza, jiwe limepita wapi? Sikuona kitu. Na mara mojamoja mkojo wangu una rangi ya chai hafifu, ingawa huenda ni kwa sababu sinywi maji. Shuleni tuna choo kimoja cha walimu na mara nyingi hakina maji wala mlango wake haufungi sawasawa, kwa hiyo tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni nimezoea kutokunywa chochote. Tena nataka kufunga Ramadhani kama kila mwaka. Je, nirudi hospitali au nishukuru nilipofika? Na nikirudi, nimwambie nini mavyaa?

Mwalimu, Tanga

JIBU

Marahaba, mwalimu. Pole sana kwa usiku ule wa uani, na ahsante kwa barua iliyoandikwa kwa uangalifu kiasi kwamba majibu mengi yamo ndani yake.

Nikiisoma kwa utulivu naona mambo matatu yaliyosukwa pamoja kama ukili mmoja: jiwe ambalo hujui kama lipo au halipo, fedha zilizokwisha kupewa kazi nyingine, na heshima yako kwa mama aliyekutunza. Wewe unaniuliza kuhusu mambo mawili ya mwisho, na ni haki yako, lakini yote mawili yananing'inia kwenye lile la kwanza, ambalo katika nyumba yenu limechukuliwa kuwa limekwisha. Naomba tuanzie hapo. Mimi si daktari. Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kushika kalamu hii, na nitakayoyasema ni ya kukusaidia kuzungumza na daktari wako, si ya kuchukua nafasi yake.

Umeandika kwamba dawa za duka la kwanza ulizipokea na maumivu yakapungua, ukaziamini, na mizizi ya chango ikawa vivyo hivyo. Leo tunajua kwamba huenda muda wote ule jiwe lilikuwa ndani likikua. Sasa birimbi nalo limefuatiwa na utulivu. Je, safari hii ushahidi umezidi ule wa mara tatu zilizopita, au ni ule ule?

Ninauliza kwa sababu maumivu ya jiwe yana tabia ya kudanganya. Hayatokani na jiwe kukwaruza tu. Sehemu kubwa hutokana na mkojo kuzuiwa njiani, mrija na figo vikatanuka kwa ghafla, na ndiyo maana mgonjwa hujikunja, hutapika na hawezi kutulia mahali pamoja. Jiwe likiisha kukaa sehemu moja, mkojo ukapata upenyo mdogo pembeni mwake, au figo iliyobanwa na mkojo uliorudi nyuma ikapunguza kutengeneza mkojo, maumivu hupungua ilhali jiwe lipo palepale. Watu wengine hukaa hivyo kwa miezi, wakila na kucheka, huku figo ya upande mmoja ikidhoofika kimyakimya. Hata kipimo cha damu kinaweza kuonekana kizuri, kwa sababu figo ya pili hubeba kazi ya mwenzake bila kulalamika. Sisemi kwamba hivyo ndivyo ilivyo kwako. Jiwe la milimita 8 linaweza kutoka lenyewe. Yaliyo kati ya milimita 5 na 10 hutoka karibu nusu yake, ingawa lililo juu karibu na figo, kama lako lilivyokuwa, lina nafasi ndogo kuliko lililokwisha kushuka karibu na kibofu. Huenda ulilipitisha chooni usiku mmoja bila kuangalia. Ninachosema ni kwamba mimi sijui, wewe hujui, na mavyaa wako naye hajui.

Kwa hiyo swali ulilonipa, kwamba urudi hospitali au ushukuru, mimi ningeligawa. Kurudi kupimwa ni jambo moja, na kukubali kuondolewa jiwe ni jambo jingine kabisa, ambalo huenda lisihitajike hata kidogo. Gharama ya utrasaundi haiwezi kulinganishwa na ya matibabu yenyewe, na haigusi ada ya binti yako. Ikionyesha kwamba figo haina maji tena, hiyo ni habari njema sana, ingawa mrija katikati yake hauonekani vizuri kwa utrasaundi, na daktari anaweza kutaka kipimo cha CT, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa eksirei, ili kuwa na hakika. Ukiambiwa ufanye CT, sema mapema kama kuna uwezekano wowote wa ujauzito. Ikionyesha kwamba figo bado imejaa, utakuwa umejua wakati ambapo kujua kuna faida. Kwa kawaida madaktari hawapendi kulisubiri jiwe lililoziba zaidi ya wiki nne hadi sita, na wewe uko katika wiki ya tano.

Kuna jambo moja ambalo sitalizunguka, nalo ni birimbi. Najua mti ule umepandwa kwa mapenzi, na birimbi kwenye mchuzi wa samaki au kwenye achari silisemi vibaya hata kidogo. Lakini ukali wake unatofautiana na ukali wa limau. Limau na ndimu zina sitrati kwa wingi, kitu kinachozuia chembe zisigandane kwenye mkojo. Birimbi lina oksalati kwa wingi, nayo ndiyo malighafi ya aina ya mawe iliyo ya kawaida kuliko zote, yale ya oksalati ya kalisiamu, ile chokaa aliyoisikia mavyaa wako. Katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, ambako tunda hili huliwa kama huku kwetu pwani, madaktari waliandika mwaka 2013 kuhusu wagonjwa 10 ambao figo zao zilishindwa ghafla baada ya kunywa juisi nzito ya birimbi, waliyoinywa kama dawa ya mafuta kwenye damu, na wengi wao walihitaji kusafishwa damu kwa mashine. Kwa mtu ambaye figo yake moja tayari ina shida na ambaye hanywi maji mchana kutwa, glasi mbili asubuhi kabla ya kula ni jambo ambalo ningeomba lisimame leo, na ningeomba daktari ajulishwe ili apime utendaji wa figo kwenye damu. Jiwe la aina hii haliyeyushwi kwa kinywaji chochote. Mawe yanayoyeyuka ni yale ya asidi ya yuriki, tena kwa dawa za kupunguza ukali wa mkojo zinazotolewa na kufuatiliwa na daktari.

Hata hivyo sioni kwamba mavyaa wako alikosea kwa nia wala kwa akili. Alijua kwamba kitu cha ndimundimu husaidia, na hilo ni kweli. Alichagua tu mti uliokuwa karibu. Ungeweza kumwambia hivyo hasa. Nyinyi mko Tanga, na machungwa ya Muheza mnayo karibu. Maji yaliyokamuliwa limau, au machungwa yenyewe bila kuongezwa sukari, ni kazi ambayo mikono ile ile iliyokamua birimbi inaweza kuiendeleza, na hakuna atakayekuwa ameshindwa.

Kuhusu maziwa, mtindi na dagaa, hapa watu wengi hupotea, na zamani hata madaktari walishauri hivyo. Inaonekana ni jambo la wazi: jiwe lina kalisiamu, basi tuache kalisiamu. Lakini kalisiamu ikiliwa pamoja na mboga yenye oksalati, hivyo viwili hukamatana tumboni na kutoka kwa njia ya haja kubwa, oksalati isifike kwenye figo. Ukiiondoa kalisiamu mezani, oksalati hupita peke yake. Nchini Italia walifuatiliwa wanaume 120 waliokuwa wakirudiwa na mawe, nusu wakala chakula chenye kalisiamu kidogo, nusu wakala kalisiamu ya kawaida huku wakipunguza chumvi na nyama. Baada ya miaka mitano, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba 23 katika kundi la kwanza walikuwa wamepata mawe tena, na 12 katika lile la pili. Kwa hiyo mchicha wa karanga, ambao ni mtamu na ambao una oksalati kutoka pande zote mbili, ungeonekana kidogo zaidi kwenye sahani yako, uchemshwe na maji yake yamwagwe, na uliwe pamoja na mtindi au dagaa. Chumvi ndiyo ya kutazamwa kwa jicho kali, kwa maana huivuta kalisiamu kuingia kwenye mkojo, na sisi watu wa pwani tukiwa na ng'onda mezani huwa hatuoni kwamba tumekula chumvi. Soda ya kola haina faida yoyote hapa. Kuhusu mchele, mwambie jirani kwa upole kwamba punje ya changarawe ikimezwa hupita utumboni na kutoka. Haina njia ya kuingia kwenye figo. Jiwe la figo huzaliwa ndani ya mkojo wenyewe, kama chumvi inavyobaki chini ya sufuria ya maji ya bahari yakichemka mpaka yakakauka.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa nawe kidogo zaidi, mwalimu, kwa sababu umelitaja kwa sentensi mbili tu jambo ambalo mimi naliona kubwa. Tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, katika joto la Tanga, ukizungumza darasani mbele ya watoto, hunywi hata funda. Hayo ni masaa kumi kila siku ya kazi, kwa miaka yote uliyofundisha. Mkojo wa mtu wa namna hiyo huwa mzito, na kila kilichoyeyuka ndani yake hutafuta kuganda. Kunywa lita mbili kwa mkupuo ukirudi nyumbani hakufidii, kwa kuwa mchana umekwisha pita. Mtu aliyewahi kupata jiwe hushauriwa anywe kiasi cha kumfanya atoe angalau lita mbili na nusu za mkojo kwa siku, na kwa hali ya hewa ya kwenu maana yake ni kunywa kama lita tatu au zaidi, zikitawanywa kutwa nzima na kidogo kabla ya kulala. Huko huko Italia walilijaribu hilo peke yake, maji tu, wakachapisha mwaka 1996: baada ya miaka mitano waliorudiwa na jiwe walikuwa asilimia 12 kwa waliokunywa maji mengi na asilimia 27 kwa wengine. Sijui dawa ya bei hiyo inayofanya kazi hiyo.

Umeuandika mlango wa choo usiofungika kama udhuru wako mwenyewe, nami nauona kama tatizo la shule. Sidhani kwamba ni wewe pekee. Waulize walimu wenzako wa kike kwa faragha ni wangapi wanaobana mkojo mpaka jioni, na ni wangapi waliokwisha kutibiwa hiyo U.T.I. mara kwa mara. Kumwendea mwalimu mkuu mkiwa wanne, mkitaka komeo, pipa la maji na kata, ni tofauti na kwenda peke yako ukiwa na aibu. Huenda mtaambiwa hakuna fungu. Komeo halihitaji fungu.

Sasa tuje kwenye hofu yako, ambayo umeikiri kwa ushujaa. Mungu amrehemu mjomba wako. Naelewa kabisa kwa nini neno "kuondolewa" lilisikika vile, na nadhani pia kwamba maneno ya mavyaa yalipata nguvu kwa sababu yalikukuta ukiutafuta mlango wa kutokea. Je, inawezekana kwamba unachokiita kumheshimu mama, kwa sehemu, ni kumkimbia daktari? Jiulize mwenyewe, bila kujilaumu.

Kuondoa jiwe siku hizi, mara nyingi, hakuhusu kupasuliwa. Tangu mwaka 1980, kazi hiyo ilipoanzia mjini Munich nchini Ujerumani, yapo mawe yanayovunjwa kwa mawimbi ya mshtuko kutoka nje ya mwili. Mgonjwa hulala, mashine huelekezwa kwenye jiwe, na vipande hutoka na mkojo katika siku zinazofuata, wakati mwingine kwa maumivu kidogo, na wakati mwingine kazi hulazimika kurudiwa. Mawimbi hayo hayafai kwa mjamzito wala kwa mwenye tatizo la damu kutoganda. Njia nyingine ni kupitisha kifaa chembamba chenye kamera kwenye njia ile ile ya haja ndogo, kikapanda hadi lilipo jiwe na kulivunja kwa leza. Hakuna kidonda cha nje, ila kuna nusu kaputi au ganzi ya mgongo, na mara nyingi huachwa mpira mwembamba ndani ya mrija kwa muda ili mkojo upite vizuri. Ukiwekewa mpira huo, andika tarehe yake ukutani, kwa sababu lazima utolewe. Nimewaona watu waliousahau kwa kuwa hawakuumwa, nao ukaota mawe yake wenyewe na kuleta matatizo makubwa kuliko jiwe la kwanza. Kwa mawe makubwa, yanayozidi sentimita mbili, hutobolewa tundu dogo mgongoni. Upasuaji wa kufungua ubavu, ule uliouona akilini mwako, bado hufanywa pale penye mawe magumu sana au ambapo vifaa havipo, na ndiyo sababu ni halali kabisa kumuuliza mtaalamu, iwe KCMC Moshi, Muhimbili au popote rufaa yako itakapokupeleka: mnayo njia gani hapa, mmeizoea kiasi gani, na nikisubiri mwezi mmoja zaidi nahatarisha nini?

Njia zote hizi zina hatari zake: maambukizi, damu, vipande vinavyobaki. Kusubiri nako kuna hatari, na hatari ya kusubiri haina risiti, kwa hiyo huonekana kama ni bure.

Katika fedha sitakuamulia. Nakuomba tu usizigawe akiba zile mara mbili kichwani kabla hujajua bei. Pata kwanza matokeo ya kipimo, kisha uombe makadirio kwa maandishi. Hospitali za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii, na si aibu kugonga mlango huo na kueleza hali, wala kuuliza kama malipo yanaweza kufanywa kwa awamu. Mweleze pia binti yako. Anayetaka kuwa muuguzi ana umri wa kutosha kusikia kwamba mama yake ana jiwe, na huenda yeye ndiye atakayemweleza bibi yake kwa lugha ambayo wewe kama mkamwana huwezi kuitumia.

Ramadhani iulize kwa watu wawili, daktari na sheikh, na ukiwa na matokeo mkononi. Aya za 184 na 185 za Sura Al-Baqara zimempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na mwenye figo iliyoziba ni mgonjwa hata kama anatembea. Kama figo itakutwa salama, wako wengi waliowahi kupata mawe ambao hufunga kwa idhini ya daktari, wakitawanya maji kuanzia futari hadi daku badala ya kuyabugia kwa pamoja, na wakipunguza vya chumvi usiku. Wakati wowote, uwe umefunga au hukufunga, ukipata homa au baridi kali ya kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu, au mkojo ukakatika, au ukatapika bila kupumzika, usingoje asubuhi wala ruhusa ya mtu. Usaha nyuma ya jiwe lililoziba huua kwa muda mfupi.

Mpaka siku ya kipimo, kojoa kwenye chombo na upitishe mkojo kwenye kitambaa cheupe au chujio la chai ambalo halitarudi jikoni. Likipatikana jiwe, hata kama ni kama punje ya uwele, lihifadhi kwenye kichupa kikavu uende nalo, kwa sababu aina yake ndiyo itakayosema nini hasa cha kubadilisha. Daktari atapima pia kalisiamu na asidi ya yuriki kwenye damu. Kalisiamu ikizidi huenda chanzo kiko kwenye tezi ndogo za shingoni, na hapo habari inakuwa nyingine kabisa.

Na mavyaa? Ningekuwa wewe nisingeenda kumwambia kwamba birimbi halikufaa. Ningemwomba anisindikize. Utrasaundi ina kioo, na madaktari wengi wakiombwa kwa adabu humwonyesha mzee figo ilipo na jiwe lilipo, au lilipokuwa. Mama aliyetoka kitandani alfajiri siku zote hizi kukukamulia dawa atataka kuona kwa macho yake jinsi ulivyo, na lolote litakaloonekana pale, atakuwa ameliona pamoja nawe badala ya kulisikia kutoka kwako. Ukipata nafasi ya kuniandikia tena baada ya siku hiyo, nieleze mlichokiona, na kama komeo la choo limewekwa.